Jembe la Siku ya Tatu

Mama mwenye nyumba wangu hakujua kukaa. Kiti alikuwa nacho, tena kizuri, chenye mto alioushona mwenyewe, lakini mwili ukikaa mikono haikai. Utamkuta anachambua mchele ambao ulishachambuliwa, au anakunja upya kanga iliyokunjwa jana. Ukimletea chai pale alipo ataipokea kwa mikono miwili, atakuombea dua ndefu, kisha atanyanyuka nayo aende kuinywea jikoni kwa kusimama. "Chai ya kukalia ni ya wageni," alikuwa akisema. "Miye nipo kwangu."

Hilo neno, kwangu, ndilo lililokuwa roho yake. Miaka yote niliyojuana naye sikuwahi kumwona akiogopa maradhi, wala giza, wala ile lifti yetu iliyokuwa ikikwama na watu ndani. Alichokiogopa ni kimoja: kuwa mgeni asiyeondoka. Mwanawe, mtu mpole anayefanya kazi ya ofisi Jebel Ali, alikuwa na nyumba Jumeirah Village Circle yenye chumba kitupu kinachomngoja mama yake. Kila Ijumaa alikuja kumsalimu na kila Ijumaa alimwomba ahamie. Jibu halikubadilika. "Kula nitakuja, mwanangu. Kulala nitalala siku mbili. Lakini kukaa? Nikae kama nani?"

Kijana wa watu alikuwa akishuka ngazi kichwa chini, maskini.

Fleti yake ilikuwa Al Muraqqabat, Deira, juu ya duka la washona abaya, na vyumba viwili alivipangisha wanawake. Tumepita pale wa kila namna. Tulikuwepo sisi wa Mombasa, akawepo binti wa Nairobi anayeuza manukato, wakawepo Waganda wawili wa hoteli, akawepo dada wa Tanga aliyekuwa akisali sana na kulala sana. Kiswahili chetu kilikuwa cha kila aina, na Mama, mwenyewe Mzanzibari wa zamani hapa Dubai, alijipa kazi ya kutunyoosha wote. Binti wa Nairobi akirudi kazini na kusema, "Mathe, niko na njaa mbaya," Mama humjibu kutoka jikoni, "Uko na njaa? Mmekuja pamoja? Sema una njaa, mwanangu, uingie ule."

Mimi nilicheka sana, mpaka zamu yangu ilipofika. Sisi Mombasa tukimwita mtu twasema "ndoo." Siku moja nikamwita Mama aje aone kitu dirishani, nikapaza sauti, "Mama, ndoo! Ndoo upesi!" Bibi wa watu kaja mbio kabeba ndoo ya kupigia deki. Alidhani bomba limepasuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akasimama pale na ndoo yake akinitazama. "Njoo," akasema. "Njoo! Ndoo ni ya maji, weye mwana mwehu." Tangu siku hiyo sikusalimika. Nikitaja Mombasa tu, yeye atasema, "Aa, kule wanakoita watu kwa ndoo."

Sheria zake hazikuwa nyingi. Viatu mlangoni. Mwanamume asivuke kizingiti hata kama ni kaka yako wa tumbo moja, akusubiri chini kwa washona abaya. Na sheria kubwa ilikuwa hii: ukihamia kwake, siku mbili za mwanzo hugusi kitu. Unapikiwa, unapakuliwa, unatandikiwa, hata ukijaribu kuosha kikombe chako unanyang'anywa. Siku ya tatu, ukitoka chumbani, unakuta ufagio umeegemezwa mlangoni pako. Haelezi, hasemi. Yuko jikoni anaimba kaswida.

Mimi nilipokuta ufagio wangu nililia. Ndiyo kwanza nimetoka nyumbani, kazini sijazoea, nikaona basi, huyu naye kashanichoka. Nikaenda kumwuliza nimekosa nini. Alinitazama kama niliyemwuliza jua linachomozea wapi.

"Hukusikia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?"

"Nimesikia, Mama. Si ndiyo kumwambia mtu aende zake?"

"Nani kakwambia? Unamfukuza mtu kisha unampa jembe lako aondoke nalo? Jembe anapewa anayebaki." Akanisukumia ufagio mkononi. "Fagia hapo, tena uvunguni usiparuke."

Sijapata kusikia mtu mwingine akiifasiri vile methali ile, na sijui kama ni fasiri ya wazee au aliitunga mwenyewe. Najua nilifagia nikalala usingizi wa kwanza mzuri Dubai.

Sasa nije kwenye habari iliyowapa watu wa Deira la kusema. Mama mwenye nyumba wangu, mtu wa ushungi na tasbihi, aliyekuwa haruhusu hata shemeji kupanda ngazi, kila Agosti alikwenda kulala kwenye pabu za mashamba, yaani vilabu vya pombe vyenye vyumba vya kulala, Uingereza.

Chanzo nilikuwa mimi. Alikuwa na mdogo wake kule, nyumba yake ndogo imejaa wajukuu, na Mama alitaka kumzuru na kukimbia joto. Mwanawe hakutaka asafiri peke yake. Mimi nilikuwa nafanya kazi ofisi ya tiketi, nilikuwa na likizo na leseni, na gari nilijifunza Mombasa, upande wa kushoto kama wao. Hoteli za mjini zilikuwa zimejaa, nikapata chumba kijijini, karibu saa nzima kwa gari. Tangazo lao lilisema ni nyumba ya wageni ya tangu zamani, moto, vitanda, chakula cha kupikwa hapo hapo. Nikamwambia Mama, nimepata nyumba ya wageni.

Tukafika mvua inanyesha. Kondoo njia nzima, hawana haraka na mtu. Nyumba ya mawe, paa limeinama, ubao umening'inia juu ya mlango una picha ya kondoo dume, na kando ya ukuta yamepangwa mapipa. Mama akakaa garini akiyatazama yale mapipa.

"Wee mwana. Nyumba ya wageni hii mbona ina mapipa?"

"Labda ya maji, Mama."

"Ya maji," akasema. "Haya. Tuteremke tukayaone maji."

Ndani kulikuwa na kaunta ndefu, wazee wa kijiji na bilauri zao, na moto unawaka. Agosti! "Siye tumekimbia moto Dubai," akaninong'oneza, "wenzetu wanauwasha." Nilikuwa nimeshajiandaa kwa aibu, nimeshaanza kufikiria tutalala wapi. Lakini wale wazee walipomwona bibi kaingia, kalowa, wawili walisimama. Mmoja alisogeza kiti chake, akakiweka karibu na moto, akampisha. Mama akakaa. Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Wanakunywa kama ng'ombe kisimani, lakini adabu wanayo. Lete mizigo."

Tukakaa na njaa yetu. Kumbe desturi ya pale hufuatwi mezani, unakwenda mwenyewe kaunta useme unachotaka. Sisi hatukujua, na hata ningejua, Mama asingekubali, kwa sababu mgeni haombi chakula, anangoja. Tukangoja. Watu wakala, wakamaliza, sisi tunatabasamu tu. Mwisho mwenye pabu, mwanamke mnene mwenye mashavu mekundu na mikono iliyojaa unga, akaja kutuuliza kama kuna mtu tunayemsubiri. Nikamwambia tunamsubiri yeye. Alicheka mpaka akashika meza.

Nyama hatukutaka, tukasema samaki. Nikamwuliza, maana nilishasikia, ule unga wanaomchovya samaki unatiwa nini. Akaweka mkono mdomoni. Unatiwa bia. Akarudi jikoni, akakoroga unga mwingine kwa maji ya soda, akakaanga kwenye sufuria safi na mafuta mapya, akatuletea mwenyewe. Mama alisema Bismillahi, akala, akatia achari yake ya ndimu aliyoitoa kwenye mkoba. "Chumvi hamna," akasema, "lakini moyo upo." Kisha ikaja pudini yao moja ya moto, nyeusi, imemwagiwa sukari iliyoungua na maziwa. Mama aliionja, akafumba macho. "Tende hii."

"Tende wapi, Mama, huku?"

"N'nakwambia tende."

Nikauliza. Kweli, ilikuwa tende. Mama alifurahi kana kwamba kakutana na mtu wa kwao. Tangu hapo kila mwaka sanduku lake lilikuwa na katoni ya tende za Dubai za kumpelekea yule mwanamke, na sikujua nani kati yao aliyejivunia zaidi.

Kisa cha kibla nacho. Simu zetu hazikushika mtandao kule bondeni. Nikashuka kumwuliza mwenye pabu mashariki ni wapi, na wazee wote kauntani wakaingilia. Wakatandika ramani ya kupandia vilima, mmoja akatoa dira mfukoni, wakabishana kama watu wa bunge, mwisho wakakubaliana kwamba Makka ipo upande wa banda la trekta. Kila nikimkuta Mama anasali kwenye dirisha la upande ule, chini naona trekta. Na kulikuwa na mbwa, jibwa zee la mapua marefu, lililompenda Mama peke yake kati ya watu wote. Mama analikimbia, lenyewe linamfuata. Akalibatiza jina Bwana Mkubwa, akalifundisha Kiswahili. "Bwana Mkubwa, kaa hapo hapo. N'na udhu. Usinisogelee." Likakaa. Mwaka wa pili akaanza kuliwekea kipande cha samaki, huku ameshika baibui lake juu, anageuza uso pembeni.

Habari zilipofika Deira, weye acha tu. Kwenye harusi moja, bibi mmoja wa Kipemba alimwuliza mbele ya watu, "Ati dada, twasikia siku hizi walala ulevini?" Mama akamaliza kutafuna halua yake.

"Miye nalala juu," akasema. "Pombe iko chini. Na weye ulipomwoza mwanao ukatulaza hotelini, chini ya vile vyumba kulikuwa na nini? Madrasa?"

Hajaulizwa tena.

Lakini hayo yote ni chumvi. Chakula chenyewe ni siku ile ya tatu, safari ya kwanza. Nilikuwa nimetuandikisha usiku nne. Siku mbili Mama alikuwa mgeni wa kupigiwa mfano, anasifu kila kitu, anatabasamu, hasogezi hata kijiko. Asubuhi ya tatu niliamka kitanda chake kimevuliwa shuka, zimekunjwa, zimewekwa juu ya kiti. Ngazi imefagiliwa. Chini nasikia sauti mbili za wanawake, moja inapanda na nyingine inapanda juu yake.

Niliwakuta jikoni. Mama kajifunga kanga kiunoni, mikono kaikunja, kashika ndoo ya mbatata upande mmoja, na mwenye pabu kashika upande wa pili, na kila mmoja anavuta.

"Umeamka, alhamdulillahi," mwenye pabu hakusema hivyo, lakini uso wake ulisema. Akaniuliza kwa unyonge, tumewakosea nini? Kitanda kibaya? Chakula? Kwa nini mama yako anataka kufanya kazi?

Mama naye ananigeukia. "Mwambie! N'namwambia haelewi." Kisha akajitahidi mwenyewe, kwa Kiingereza chake chote, akionyesha vidole: "Gesti, tu dei. Tudei, khalas."

Nikamweleza yule mwanamke. Nikamwambia kwetu mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu anapewa jembe akalime. Akauliza, na asipopewa? Nikamfasiria Mama swali. Mama hakuiachia ndoo.

"Asipopewa," akasema, "anajua hapa si pake. Hata wakimlisha asali."

Mwenye pabu aliposikia hayo aliachia ndoo. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo vijiji vyote vinakuja kula pale, na msaidizi wake hakuwa ametokea. Akaenda kabatini, akatoa aproni nyeupe, akamfunga Mama kwa nyuma kama anavyofungwa mtoto wa shule. Akampa na kile kidude cha kumenyea. Mama alikitazama, akakirudisha kwa heshima, akaomba kisu.

Nyama ya nguruwe ilikuwa meza ile, Mama akakaa meza hii na mbatata zake na karoti, wakagawana jikoni bila kuambiana. Siku ile nzima walizungumza. Sijui walizungumza nini, maana lugha hapakuwa. Mmoja anasema Kiingereza, mwingine anajibu Kiunguja, na wanacheka mahali pamoja. Niliposogea kutaka kufasiri nilifukuzwa na wote wawili. Jioni nilimwambia Mama kwamba kwa Kiingereza mwanamke mwenye pabu huitwa kwa jina lile lile la mwanamke mwenye nyumba ya kupangisha. Akapiga kofi paja lake. "Si n'nakwambia! Mwenzangu yule. Nilimwona tu anavyotazama viatu vya watu."

Tulirudi miaka iliyofuata, pale pale. Siku mbili tunahudumiwa kama mabalozi. Asubuhi ya tatu Mama akifungua mlango wa chumba, aproni imening'inizwa kwenye kitasa. Haelezwi, haambiwi. Na nasikia chini yule mwanamke anaimba nyimbo zake.

Ndipo mwaka uliopita wenye jengo letu la Al Muraqqabat wakatuambia kwamba linataka kufanyiwa matengenezo makubwa, kila mtu atoke. Sisi wapangaji tulitawanyika. Mimi nikapata kitanda katika chumba cha watu wanne, ambao nawaona migongo tu maana zamu zetu hazilingani. Mama hakuwa na pa kwenda ila kule alikokukataa kila Ijumaa. Mwanawe alikuja kumchukua kwa furaha ambayo hakuweza kuificha. Mama aligawa sufuria zake. Mimi alinipa ufagio.

Na sasa sikilizeni mtihani. Mkaza mwanawe ni mtoto mwema, amezaliwa hapa hapa, naye anafanya kazi, na anampenda kweli mama mkwe wake. Basi akamfanyia yale anayojua. Chumba kizuri, godoro la kutibu mgongo, dada wa kazi wa kumletea maji. Mama akitaka kunyanyua sahani: "Mama, wacha, pumzika." Akisogea jikoni: "Mama, wallahi utaniaibisha, kaa." Wanampokonya kila kitu kwa upendo. Mama akasema ahsanteni. Siku mbili zikaisha. Siku ya tatu akatazama kitasa cha mlango, akachukua sanduku lake, akapiga simu kwa mpwa wake Sharjah. Akakaa huko siku mbili. Akarudi kwa mwanawe siku mbili. Akaja kwangu, kwenye kile kitanda changu, tukalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, siku mbili. Kisha kwa mwanawe tena. Ikawa ndiyo maisha. Bibi mzima, mwenye mwana mwenye nyumba, anazunguka na sanduku lisilofunguliwa.

Alikonda. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mikono yake ilikuwa imetulia magotini, na mimi sikuwahi kuiona imetulia.

Mkaza mwanawe alinipigia simu analia. "Dada, watu wanasema tumemfukuza. Mume wangu halali. Niambie wewe unayemjua, tumemkosea nini?"

Nikamwambia hamkumkosea kitu, na ndilo kosa. Nikamsimulia pabu, ndoo ya mbatata, aproni kwenye kitasa.

"Nimwambie mama mkwe wangu afanye kazi? Mimi?"

"Ndiyo."

"Dada, mimi siwezi. Nitaanzia wapi? Nimelelewa vingine."

"Basi endelea kumlisha asali," nikamwambia, na kwa kweli nilimwambia kwa ukali.

Alhamisi ile ilikuwa siku ya tatu ya Mama kwa mwanawe, na zamu yangu ya kumchukua. Nikapanda basi mpaka kule, nimejiombea ruhusa kazini. Nilipofunguliwa mlango, sanduku lilikuwa limeshatangulia sebuleni, limesimama kama kawaida yake. Mwana amekaa kwenye kochi, hanitazami. Mkaza mwana amesimama katikati ya jikoni lililo wazi, mikono imeshikana. Mlango wa chumba ukafunguliwa. Mama akatoka na baibui lake la safari, na mkononi kashika kitu kwa ncha za vidole.

"Nani kanitundikia hiki mlangoni?"

Ilikuwa aproni. Mpya, karatasi ya dukani bado inaning'inia, na kifuani ina picha ya baga kubwa inayocheka. Nilitaka kucheka na nikaogopa.

"Mimi, Mama," akasema mkaza mwana. Akajikaza, akaendelea kwa haraka kama mtu anayeruka ukuta. "Leo siku ya tatu. Kesho kuna wageni wa mume wangu, watu kumi, na mimi kachori sijui, mbatata ziko ndoo nzima, na hakuna wa kuzimenya. Umekaa siku mbili, Mama. Inatosha."

Mwana akasimama. "We! Unamwambiaje mama—"

"Kaa chini," Mama akamwambia, bila kumtazama.

Akaitazama ile baga. Akamtazama mkwewe. Nikaona kidevu chake kinacheza, nikaona macho yamejaa, na yeye si mtu wa kulia mbele za watu, kwa hiyo alijifanya anaisogeza ile aproni karibu na dirisha aione vizuri. Tukangoja. Hata dada wa kazi alikuwa amesimama na kitambaa chake.

"Mkate huu," akasema mwisho, "unachekea nini?"

Kisha akavua baibui, akalitupia juu ya sanduku, akaivaa aproni, akageuka nyuma afungwe. Mkaza mwana alimfunga huku machozi yanamdondoka mgongoni kwa mama mkwe wake. Mama akafungua droo ya kwanza, akajaribu kisu kwa kidole gumba, akakiweka. Akajaribu cha pili. "Nyumba nzima ya kisomi," akasema, "visu vyote butu. Mnakata kwa dua?"

Mwana alikwenda chumbani akafunga mlango. Tulimsikia akipenga kamasi.

Mimi nikakunja mikono ya nguo nikasogea, nikitaka kusaidia. Mama akaninyooshea kisu. "Weye wapi? Mgeni weye. Kakae pale, utaletewa chai." Nikakaa pale, nikaletewa chai, nikainywa kwa kukalia. Alikataa niondoke. Akasema chumba ni kipana, na kwamba kile kitanda changu hata paka hawezi kujigeuza. Nililala. Ijumaa wageni wakaja, kachori zikaisha kabla ya biriani, na hakuna aliyeniruhusu niguse hata bilauri. Sanduku la Mama niliona limewekwa juu ya kabati, tupu.

Nilifurahi, sisemi uongo. Lakini mtu wa kitanda kimoja katika chumba cha wanne, akifurahia nyumba ya wenzake, hasahau atakorudi kulala. Nilijua Jumamosi, siku yangu ya tatu, nitaondoka. Nikapanga niamke mapema, niage bila kusumbua mtu, nitangulie kituo cha basi.

Jumamosi niliamka kweli mapema, lakini Mama alikuwa ameshaamka. Nikiwa bado navaa viatu, nikasikia sauti yake kutoka jikoni, imepaa, ya yule yule wa Al Muraqqabat.

"Ndoo!"

Nikasimama na kiatu kimoja. Hajapata kulisema neno lile ila kwa kunikebehi.

"Ndoo, weye mwana! Ndoo upesi!"

Sikujua ananiita au anataka ndoo. Nikaenda. Ndoo ilikuwa sakafuni, imejaa mbatata, na kando yake kigoda, na juu ya kigoda kisu kilichonolewa.